Viatu Juu ya Kisanduku cha Umeme

Mashine ya kuosha chupa tuliikuta kiwandani, na wazee waliotutangulia walisema wao pia waliikuta. Tuliiita kwa Kifaransa, laveuse, ingawa Kifaransa chenyewe kwa wengi wetu kilikuwa cha kuokoteza. Ilikuwa ndefu kama nyumba ya vyumba viwili, chuma kitupu, na rangi yake ya kijani ilikuwa imebaki sehemu zile tu ambazo mikono haifiki. Kwa mbele ilimeza chupa chafu, mstari baada ya mstari. Kwa nyuma ilizitoa zinang'aa, zinafuka mvuke. Katikati, tumboni mwake, mnyororo mpana wenye vikombe vya chuma ulizichukua chupa na kuzunguka nazo kwenye ngoma kubwa, ukazizamisha katika maji ya moto yenye soude, yale magadi makali yanayopikiwa sabuni, ukazipindua kichwa chini na kuzipitisha juu ya mabomba yanayopuliza maji hadi ndani ya shingo. Karatasi za chupa zilibanduka na kugeuka uji mzito wa kijivu. Uji huo ulijikusanya chini kabisa, pembeni, kwenye wavu ulio karibu na mlango mdogo wa kutolea maji.

Kazi yangu mimi ilikuwa kunusa. Kabla chupa hazijaingia ndani, zilipita mezani petu, na sisi wanawake wawili tuliinua moja moja, tukaiweka puani, tukaamua. Soude inaondoa matope, inaondoa ukungu, inaondoa hata mjusi aliyekaukia ndani. Harufu ya petroli haiondoi. Chupa ya namna hiyo ikipita, itaoshwa, itajazwa kinywaji, itazibwa, na mtu atakayeifungua harusini atatema mbele ya wakwe. Kwa hiyo tulinusa. Chupa zilirudi kutoka mjini zikiwa zimefanya kazi nyingine nyingi: zimebeba mawese, dawa za mizizi, chokaa ya Kakontwe, tindikali ambayo wanunuzi wa madini kule Kamatanda wanaidondoshea jiwe ili kulijaribu.

"Yaya, nusa hii," mwenzangu wa mezani aliniambia siku moja. Kiwandani waliniita Yaya, yaani dada mkubwa, kama walivyoniita wadogo zangu nyumbani.

Nikanusa. Haikuwa petroli. Ilikuwa lutuku, pombe kali inayopikwa uani.

"Hii ni lutuku tu," nikamwambia. "Inapita."

"Minye nilijua toka mwanzo. Nilitaka weye nawe ufurahi asubuhi!"

Hivyo ndivyo tulivyokuwa tukiishi pale. Nilikuwa nimeingia kiwandani nikiwa bado na madaftari ya shule ndani ya mfuko. Baba alikufa kwanza. Mama alipomfuata, nilikuwa mwaka wa pili wa sekondari, na nyuma yangu kulikuwa na mdogo wangu wa kiume na wasichana wawili ambao mmoja alikuwa hajaota meno yote. Wakati wa matanga wajomba walizungumza kuhusu kutugawanya. Mmoja aende Kolwezi, mmoja Lubumbashi, wawili wabaki. Niliwaambia hakuna atakayegawanywa. Walinitazama kama mtu aliyeingilia mkutano wa wakubwa, lakini hawakuwa na nafasi nyumbani kwao, kwa hiyo hawakubisha sana.

Mdogo wangu wa kiume nilimsomesha mpaka akapata diploma ya serikali. Akaitundika ukutani, akatafuta kazi, akatafuta tena. Kisha akaanza kukaa na vijana wanaorudi kutoka mashimo ya Kamatanda na vumbi jekundu masikioni. Nilijua kinachofuata. Vijana wale wanashuka kwa kamba ndani ya shimo lisilo na nguzo, na mvua ikinyesha jioni, asubuhi mama zao wanasimama ukingoni wakiita majina. Nikamwambia, kama unataka kushuka chini ya ardhi, subiri kwanza nife mimi. Alicheka. Lakini hakuenda. Nilimwendea fundi mkuu wa laveuse, mtu tuliyemwita chef na hatukumwita vingine, nikamwomba amchukue kijana wangu. Chef akamtazama juu mpaka chini.

"Iko mwembamba," akasema. "Ni muzuri. Mwembamba anaingia ndani."

Ndivyo alivyopewa kazi ya kuingia ndani ya mashine.

Kila Ijumaa soude ilimwagwa, mashine ikaachwa ipoe. Jumamosi mtu mmoja aliingia kupitia kidirisha cha ubavuni, akainama katikati ya minyororo, akatoa vipande vya chupa zilizopasukia ndani na ule uji wa karatasi. Kisanduku cha umeme chenye kitufe cha kuwashia kilikuwa ukutani, kwenye kimo cha kifua. Zamani kilikuwa na kufuli, wazee walisema, lakini ufunguo ulipotea na kufuli likakatwa. Baada ya hapo watu wakajipangia desturi yao. Anayeingia anavaa mabuti ya plastiki, na viatu vyake vya kwendea mjini anaviweka juu ya kisanduku, vyote viwili, visigino vikitazama nje. Viatu viko juu, mtu yuko ndani. Viatu havipo, mtu ametoka, amevivaa, ameenda zake. Hakuna aliyeigusa jozi ya mwenzake. Nilimwona chef akimpiga kofi kijana mgeni aliyesogeza viatu kidogo tu ili apate kuweka kikombe chake cha chai. Haikuandikwa popote na haikuhitaji kuandikwa. Sisi wote wa upande wa mashine tuliijua kama tunavyojua mlango wa nyumba zetu.

Ila watu wa upande wa ofisi hawakuijua. Kwa nini wangeijua? Hawakuwahi kufika.

Jumamosi ile patron, mwenye kiwanda, alikuwa analeta wageni kutoka Lubumbashi, na ikatangazwa salongo, usafi wa wote kwa pamoja. Makarani walivua tai wakashika mafagio. Wasichana wa ofisi walikuja na vitambaa kichwani wakiimba nyimbo za kwaya. Mipira ya maji ilikuwa ikirushwa kila upande, mapovu yakatiririka hadi getini. Ilikuwa karibu kama sikukuu. Na pamoja nao alikuja Mama wa chai, mama wa Kikasai aliyepika chai na mikate ya ofisini, mtu wa parokia yetu. Siku za msiba wa mama yetu ndiye aliyekaa nasi kwenye mkeka hata wajomba walipokuwa wameondoka. Wadogo zangu walimwita Mama bila kuongeza neno, na mimi pia.

Mimi nilikuwa nje, uani, nyuma ya ukuta wa laveuse, nikipanga kasie, masanduku ya plastiki ya kubebea chupa. Ukuta huo ulikuwa na tundu pana chini ambako maji ya mashine yalitokea kuelekea mtaroni. Jua lilikuwa kali. Nilipoinua kichwa niliona viatu juu ya ukuta mfupi wa bomba, vimelowa, ulimi umevutwa nje ili vikauke vizuri, kamba zimetolewa na kutandikwa pembeni. Vilikuwa viatu vya mdogo wangu, vile vyeusi vyenye ncha, alivyovinunua mitumba na kuvipenda kupita kiasi.

Mama wa chai alisimama hapo akijifuta mikono kwa kitenge.

"Mama," nikasema, "ni weye uliosha hii biatu?"

"Na nani mwingine? Mutoto muzuri vile, na biatu inajaa vumbi sawa ya mutu wa Kamatanda! Patron akikuya na wageni wake, akute nini?"

Nikacheka. Nilicheka kweli, kwa sababu nilimwona mdogo wangu kichwani mwangu akitoka kazini na mabuti yake makubwa, akipita mbele ya wasichana wa njia yetu.

"Leo atarudi nyumbani na mabuti," nikasema.

"Aende nayo! Aende nayo mpaka kwa muchumba wake! Yule binti atasema, ee, huyu fiancé yangu alikuya kuvua samaki?"

Tukacheka wote wawili, Mama akipiga mapaja yake. Alikuwa na kicheko kikubwa kinachosikika kanisani hata akijizuia.

"Uliikuta wapi?" nikauliza, bado nikicheka.

"Si kule ndani, juu ya kisanduku. Biatu juu, sawa sahani juu ya meza! Nani alibafundisha vile?"

Nakumbuka kwamba mdomo wangu ulikuwa bado umefunguka kwa kicheko. Nakumbuka nzi mmoja juu ya kamba ya kiatu. Nilitaka kusema neno, na kabla halijafika ulimini nikasikia motor ya laveuse ikianza. Ilianza taratibu kama kawaida yake, kama mtu anayesafisha koo, kisha mnyororo ukashika na ukuta ukatetemeka.

Sijui nilifikaje ndani. Watu waliniambia baadaye kwamba nilimwangusha karani na ndoo yake. Mimi nakumbuka kitu kimoja tu, kitufe chekundu, na kwamba nilikipiga kwa viganja viwili na nikaendelea kukipiga hata baada ya mashine kunyamaza. Chef alinishika mabega.

"Yaya, nini? Iko nini?"

"Mutoto iko ndani!"

"Hapana," akasema. "Hapana, alitoka. Biatu haikuwa pale. Niliangalia. Niliangalia kabisa, Yaya, biatu haikuwa pale."

Chef alikuwa amemwona akiingia asubuhi. Alipita tena, akakuta juu ya kisanduku hakuna kitu, akajua kijana amemaliza na kwenda zake. Aliita pia, alisema, aliita kama kuna mtu, lakini kwaya ilikuwa inaimba na maji yanarushwa. Alitaka kuuzungusha mnyororo kidogo ili wageni wakifika wakute mashine iko hai. Haya yote aliyasema huku akiwa tayari ameanza kufungua vidirisha, na mikono yake, ambayo niliiona ikifunga bolti ndogo kuliko punje ya mahindi, ilikuwa inaangusha kila kitu.

Kidirisha cha kwanza kilipofunguka, tuliona buti. Lilikuwa limebanwa kati ya mnyororo na ngoma kubwa, limepasuka kutoka kisiginoni hadi juu. Msichana mmoja wa ofisi akapiga kelele, na kelele yake ikazima kwaya yote. Mimi sikupiga kelele. Nilitazama ndani ya buti lile kama ninavyotazama ndani ya chupa. Niliangalia kama lina kitu. Lilikuwa tupu.

"Ita," chef akaniambia. "Weye njo uite. Sauti yako ataijua."

Nikaita. Nikaita jina lake, kisha lile jina la utotoni ambalo hatumwiti tena. Maji yalikuwa yanadondoka ndani, tone, tone. Hakujibu. Tukafungua kidirisha cha pili, na cha tatu, na hatimaye chef akalala chini kifudifudi akamulika taa pembeni, pale penye wavu.

Alikuwa pale. Alikuwa amejikunja kwenye kona ile ndogo kama mtoto aliye tumboni, amefunikwa uji wa karatasi tangu nywele hadi miguu, wa kijivu mtupu. Katika ule ukijivu macho yake yalikuwa wazi. Hayakupepesa. Nilidhani amekufa, na nilikuwa nimeshaanza kufikiri nani atawaambia wadogo, nilipoona kifua chake kikisogea.

Tulimtoa kupitia mlango mdogo wa maji. Mabomba yalikuwa yamemrushia masazo ya soude, na shati lilikuwa limeshikana na mgongo wake. Chef akapaza sauti akataka maji, maji mengi, yasikatike. Basi tukamwosha. Wale wale waliokuwa wanaosha sakafu kwa ajili ya wageni wakamletea mipira yao, na mimi nikapiga magoti nikamshikilia kichwa huku maji yakishuka juu yetu wawili. Uji ulitoka vipande vipande, na chini yake nikaona ngozi ya mgongo ikiwa nyekundu, mahali pengine nyeupe. Mguu mmoja ulikuwa umegeukia upande ambao mguu haugeukii.

Magari ya wageni yaliingia wakati huo huo. Waliteremka, nguo zao safi, wakasimama. Hakuna aliyewapokea. Mke wa patron ndiye aliyetangulia kusogea. Alivua kitambaa kikubwa alichokuwa amejitanda mabegani, akamfunika mdogo wangu kiunoni kwa sababu tulikuwa tumemkata nguo zote, akasema gari lake limpeleke.

Nilipokuwa napanda garini nilimwona Mama wa chai. Alikuwa amesimama penye kona ya ukuta, mikono kichwani. Alikuwa ameshaelewa. Mtu alikuwa amemwambia, au ameelewa mwenyewe aliponiona nikikimbia. Hakulia wala hakusogea. Alikuwa kama mtu anayengoja aambiwe pa kuweka mzigo.

Hospitalini walifunga mguu, wakapaka mgongo dawa, wakasema ataishi. Daktari alilisema neno hilo kwa urahisi sana, *il va vivre*, na nikamshukuru. Lakini mdogo wangu hakusema. Alikunywa maji akipewa, aligeuka akiambiwa ageuke, na macho yake yalitazama dari kama yalivyokuwa yakitazama kule ndani. Wadogo zetu walikuja, mdogo kabisa akamsimulia habari za shule, akamwimbia hata wimbo, kisha akaniuliza kwenye korido kama kaka bado yumo. Nilimwambia yumo. Sikuwa na hakika.

Watu walikuja na maneno yao. Wengine walisema mashine ilikuwa inadai mtu tangu zamani. Wengine walimtaja Mama, kwamba mtu haoshi viatu vya mtu bila nia. Hao wa mwisho niliwafungulia mlango nikawaambia watoke. Patron alituma mtu kutuambia kwamba kufuli jipya limefungwa kwenye kisanduku, lenye ufunguo utakaobaki shingoni mwa anayeingia. Niliitikia. Kila kitu niliitikia. Nilisaini nilipoambiwa nisaini, nilifua, nilipika, nililala nikiwa nimekaa. Mwenzangu wa mezani alikuja akaniambia, "Yaya, weye haulie?" Nikamwambia nikimaliza kazi.

Mama wa chai alikuja kila siku na uji kwenye termos. Aliniachia mlangoni, akaenda kukaa kwenye benchi la korido, akakaa mpaka wanaofukuza wageni wafike. Hakuvuka kizingiti. Sikumwambia avuke, na sikumwambia asivuke. Tulikuwa tukipokezana termos bila kutazamana.

Asubuhi moja nilikuwa nakunja shuka, mgongo wangu ukielekea kitanda.

"Yaya."

Sikugeuka. Niliogopa kugeuka.

"Yaya, mulikuwa munacheka nini?"

Nikageuka. Alikuwa ananitazama mimi, si dari. Midomo yake ilikuwa imepasuka.

"Nani alikuwa anacheka?" nikamuuliza. Nilidhani ni homa.

"Weye na Mama. Ile siku. Nilikuwa katikati, chini ya ngoma kubwa, niko natoa vioo. Nikasikia munacheka kule nje, munacheka sana. Nikasema, acha nisikie. Nikatambaa mpaka pa wavu, kwa mulango mudogo, nikaweka sikio. Mama alisema kitu juu ya samaki. Njo nikawa nasikiliza samaki gani. Muguu moja ilibaki nyuma. Njo ikaanza."

Nilikuwa nimeliona lile buti. Nilijua lilikutwa wapi, na chef alikuwa ameniambia, bila mimi kumuuliza, kwamba aliye chini ya ngoma wakati wa kuanza hatoki. Nilikuwa nimelishika jambo hilo siku zote kama kaa la moto na kujiambia kwamba ni bahati. Sasa nikawa najua kwamba alikuwa palepale, chini ya ngoma, na kwamba alitoka hapo kwa sababu alitaka kujua tunacheka nini. Na tulikuwa tunacheka viatu vyake vilivyooshwa, ambavyo ndivyo vilikuwa vinamuua. Sikuweza kuyaweka mambo hayo mawili pamoja kichwani. Hata leo, nikiyaandika, hayakai pamoja.

"Sasa mulicheka nini?" akauliza tena, kwa hasira kidogo, kama zamani.

Hakuna aliyekuwa amemwambia. Alikuwa hajui kwa nini mashine iliwaka.

Nilienda mlangoni. Mama alikuwa kwenye benchi lake, rozari mkononi.

"Mama, kuya. Anaongea."

Akasimama, akaketi tena. "Anaongea nini?"

"Anauliza tulicheka nini. Minye siwezi. Kuya umwambie."

Alijifuta mikono yake kwenye kitenge, ingawa ilikuwa mikavu, akaingia. Alipiga magoti kando ya kitanda, akaanza mwanzo, kwenye kisanduku, na hakujificha popote. Alisema aliona viatu vina vumbi. Alisema alivichukua. Alisema alitoa kamba, akasugua visigino kwa sabuni, akavianika. Alisema habari ya mabuti na mchumba na samaki, sauti yake ikiwa tambarare, kama anayesoma mashtaka yake mwenyewe.

Mabega ya mdogo wangu yakaanza kutikisika. Nikasogea haraka, nikidhani analia na kwamba kilio kitamchana mgongo. Hakuwa analia.

"Kuvua samaki," akasema. "Aïe! Mama, usinichekeshe, mugongo yangu..."

Mama hakucheka. Alikuwa ameweka paji la uso kwenye ukingo wa godoro, na yeye mdogo wangu, bado akicheka na kuugulia kwa maumivu, alikuwa akimgonga-gonga kichwani kwa vidole, taratibu, kama mtu anayebisha hodi. Nilitaka kumpa maji. Lakini miguu yangu, iliyokuwa imesimama tangu siku ile, ikakataa, nikakaa chini sakafuni, shuka likiwa bado mikononi, na muuguzi aliyeingia akauliza ni nani kati yetu aliye mgonjwa.